Mashine ya Mgonjwa na Mashine ya Karakana

Mume wangu alichagua mashine kwa kucha ya kidole gumba. Alikuwa amelala ubavu wa kushoto, maana wa kulia uvimbe ulishamkatalia, na mimi nimekaa kwenye kigoda nimeshika vipande viwili vya chuma, kila kimoja kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia iliyokaribia kuisha. Alifumba macho akavuta kucha taratibu juu ya kimoja, halafu juu ya kingine. Akarudia. Nje watu walikuwa wanapita kwenda sokoni Kayanga na mikungu yao juu ya baiskeli, na yeye yuko pale, anasikiliza chuma.

Sisi tuna karakana ndogo, nyumba na karakana viko uwanja mmoja. Wakulima wa Chonyonyo na kwingineko wanatuletea vitu vya mashine za kukobolea kahawa: visu vilivyoliwa, gia zilizong'oka meno, na zaidi sana machekeche. Kutoboa chekeche unahitaji dume na jike. Dume ni chuma kinachoshuka kutoboa bati, jike ni chuma chenye tundu la kumpokea. Kati yao ibaki nafasi kama unywele tu. Ikizidi hapo, tundu linatoka na ukingo mkali, na ukingo huo unapasua punje za kahawa, na kahawa iliyopasuka mnunuzi anaitupa pembeni.

Dume na jike mume wangu alikuwa anavichonga kwa tupa, kwa mkono. Anabana chuma, anasugua, anatoa, anakwenda nacho dirishani kuangalia mwanga unaopita katikati. Anarudi anasugua tena. Kazi ya namna hiyo haina haraka, na fundi tuliye naye, ambaye anachomelea vizuri sana, tupa hana subira nayo. Mwenyewe alikuwa anasema tupa inamletea usingizi.

Kisha mikono ya mume wangu ikaanza kutetemeka. Lilianza tumbo, na mikono ikafuata. Tulikwenda mpaka hospitali kubwa, mbali na kwetu, na daktari alisema maneno mengi ya upole, na mwisho akasema nimrudishe nyumbani akale anachokipenda. Mimi sekondari nimeisoma masomo ya jioni, nikiwa na mtoto mgongoni, lakini kwa maneno yale hata asiyeingia darasani angeelewa.

Njiani kurudi hakuongelea tumbo. Aliongelea mashine. Akasema mikono ikienda, karakana nayo itakwenda, labda tupate mashine ya waya.

Mashine ya waya nitaieleza kama alivyonieleza. Kuna waya mwembamba kama uzi wa kushonea, unapita katikati ya chuma bila kukigusa. Umeme unaruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma, cheche ndogo ndogo, kila cheche inang'oa punje ya vumbi, na maji yanaosha vumbi lile. Chuma hata kiwe kigumu namna gani, kinakatika kama muhogo uliochemshwa, ila polepole. Unachora kwenye kompyuta, waya unafuata mchoro. Dume na jike vinatoka vinaoana.

Ya kwanza aliiona ujanani, alipokuwa kibarua kwenye kiwanda huko Dar es Salaam. Ilikuwa imefungiwa kwenye chumba cha vioo, chenye kiyoyozi, na vibarua walikuwa hawaingii. Yeye alikuwa anasukuma toroli la vyuma mpaka mlangoni, anaegemeza uso kwenye kioo mpaka msimamizi amfukuze. Katika ndoa yetu nimeisikia mashine hiyo kama wanawake wengine wanavyomsikia mchumba wa zamani wa mume. Nilikuwa namtania, namwuliza kama ilikuwa inajua kupika. Anasema haijui, lakini haigombi.

Sasa katika kutafuta kwa simu, tukapata wauzaji wawili. Wa kwanza alikuwa Dar, ana mashine iliyokwisha kutumika, ya aina ile ile ya chumba cha vioo. Ipo, ameifunika, akipigiwa simu anapakia kwenye lori. Wa pili alikuwa na mashine mpya ya aina nyingine, ndogo, ngumu, lakini ya kuagiza. Ije kwa meli, itolewe bandarini, ndipo ipande lori kuja Karagwe. Alisema ni miezi, na hakutaka kutaja mingapi. Uwezo wetu ulikuwa wa mashine moja. Mume wangu akawaomba wote wawili wakate chuma cha umbo moja watutumie kwa basi, na ndivyo vile vipande nilivyokuwa nimeshika.

Mimi nilishachagua kabla hata kifurushi hakijafika. Nilitaka ya Dar, na sababu yangu ilikuwa moja, na akina mama wa jumuiya walikuwa wanaijua kwa sababu tulikuwa tunaisalia. Nilimwomba Mungu mume wangu aipokee mashine hiyo mwenyewe, akiwa hai.

Hili la kupokea lina asili yake. Ukoo wa mume wangu ni wa wahunzi, kwao ni Songambele, na mama mkwe wangu ameolewa humo akayakuta. Zamani mhunzi akifuliwa nyundo mpya, ile kubwa ya kufulia chuma, haiingizwi tu ndani kama jembe. Inaletwa kama bibi harusi. Inafunikwa, wanawake wanapiga vigelegele, ndani panatandikwa majani mabichi, na mwenye nyumba anasimama mlangoni anaipokea, anaiwekea akamwani, zile kahawa zetu za kutafuna tunazompa mgeni. Nyundo ambayo haikupokelewa na mwenye nyumba, wanasema, inakaa kama mgeni mpaka mwisho, haizai kazi. Mume wangu alikuwa Mkatoliki wa kanisani kila Jumapili, na hadithi hiyo alikuwa anaisimulia huku anacheka, lakini anaisimulia mara nyingi. Alikuwa amesema mashine ya waya ikija, ataisimamia mlangoni kama babu yake alivyosimama.

Basi siku ile, baada ya kucha kupita mara nyingi, akafumbua macho.

"Hii ya Dar," akasema. "Sijawahi kushika mkato kama huu. Ni kioo."

Nikamwambia basi Mungu amejibu, na kwamba lori linaweza kupakia wiki hiyo hiyo. Halafu akaanza kuniuliza maswali, kwa sauti yake ya kumwuliza fundi aliyeharibu kazi. Maji yake yanatoka wapi? Nikasema bombani. Akasema ile haitaki maji ya bomba, inataka maji yaliyosafishwa mpaka hayana chochote, na dawa ya kuyasafisha inaisha, na hapa hakuna wa kutuuzia. Waya wake? Nikasema tutanunua. Akasema ule wa shaba ya njano unapita mara moja tu unatupwa, kila siku ni kutupa, na barabara ikikatika masika, mashine inakaa njaa. Hii nyingine waya wake unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, mpaka uchoke. Vumbi? Joto? Umeme?

Nikasema tutatafuta jenereta. Akasema jenereta inatetemeka kuliko yeye.

Hapo nikakasirika, na si jambo jema kumkasirikia mgonjwa. Nikamwambia mashine hiyo ameisema tangu ananichumbia, na leo ipo, na yeye yupo, sasa anataka nini.

Akaniangalia. "Mama watoto, unanunua mashine ya mgonjwa au ya karakana?"

"Nanunua yako."

"Mimi sitaiendesha," akasema. "Utaiendesha wewe."

Nikatoka kwenda kumenya ndizi, na zilikuwa zimeshamenywa zinatosha. Nikamenya nyingine.

Sikukubali siku hiyo wala iliyofuata. Mimi nikishika jambo silitupi haraka, ndivyo nilivyomaliza hata masomo, nikiwa mama pekee darasani, na wenzangu wakiniita bibi. Nilijua analosema ni kweli. Lakini nilijua pia kwamba meli haina huruma, na kwamba sahani ya chakula ninayompelekea inarudi karibu kama ilivyokwenda.

Yeye hakunibishia tena. Asubuhi moja alinitaka tu niwashe taa ya chumbani, ingawa kulikuwa kweupe, na nifungulie redio. Nikafikiri anataka misa. Akasema nikae naye, nilete kazi yangu pale. Nikaleta maharage ya kuchambua. Baada ya muda taa ikazimika na redio ikanyamaza. Alinyanyua kidole kimoja juu ya blanketi, akakishusha. Umeme ukarudi. Tukaendelea, mimi na maharage yangu. Ukakatika tena. Akanyanyua kidole. Kuna mara taa haikuzimika, ilififia tu ikawa nyekundu kama kaa la moto, halafu ikapanda ghafla, na hapo alinyanyua kidole nusu, amekikunja. Nikacheka bila kupenda. Naye akacheka, kicheko kikamgeukia maumivu, nikamshika mgongo.

Mpaka jua linashuka nilikuwa nimekichoka kile kidole kuliko nilivyowahi kuchoka na neno lolote. Kila kilipopanda nilikuwa naiona ile mashine ya vioo, inakufa na kuamka, inakufa na kuamka, mpaka siku haitaamka, na mimi niko peke yangu nayo. Nikazima redio.

"Tuagize ile nyingine," nikasema.

Akasema, "Asante," kama mtu aliyepewa maji.

Nilimpigia simu muuzaji wa Dar nikiwa uani, ili mume wangu asisikie nikimwambia hapana. Nadhani alisikia.

Baada ya hapo alipata nguvu kidogo, na nguvu hizo alizimalizia kwenye sakafu. Mashine ya namna ile inataka sakafu nene, isiyotikisika, mbali na jiwe la kunolea. Tulimbeba kwenye kiti, mimi na fundi, akakaa pembeni ya chumba akisimamia kokoto na mchanga. Sakafu ilipokwisha kumwagwa alikataza isikauke kwa haraka. Akataka majani ya migomba, mabichi, ifunikwe yote, na kila asubuhi na jioni imwagiwe maji juu ya majani. Fundi akamtania kwamba sakafu hii inauguzwa kuliko yeye. Akajibu kwamba sakafu ina matumaini.

Kwenye kiti hicho hicho, huku majani yananukia unyevunyevu, alinifundisha kusoma chuma. Kunifundisha kuchora kwenye kompyuta hakukuwa na haja, hilo nililijua, michoro ya karakana nilikuwa naichora mimi. Alinifundisha kucha. Alikuwa ananishika kidole anakivuta juu ya kile kipande cha mashine ya kuagiza, ananiuliza nasikia nini. Nikasema mistari, mistari myembamba sana, kama ya kanga iliyopigwa pasi vibaya. Akasema hiyo ni alama ya waya unaporudi, usiiogope, kwa chekeche la kahawa haidhuru, kwa kazi nyingine pitisha mara ya pili polepole. "Macho yatakudanganya," alikuwa anasema. "Kucha haijui kujipendekeza."

Alifariki sakafu ikiwa bado chini ya majani na mashine ikiwa baharini. Ilikuwa asubuhi, baada ya rozari, na nilikuwa nimetoka kwenda kumwagia maji ile sakafu. Niliporudi na ndoo alikuwa amekwenda. Nilisimama na ndoo yangu. Sikupiga kelele, nilimaliza Salamu Maria iliyokuwa mdomoni, ndipo nikamwita fundi.

Tulimzika Songambele, kwenye kibanja cha baba yake. Sementi iliyobaki ya sakafu ya mashine ilipanda gari moja na jeneza, maana ilikuwepo, na fundi yule yule ndiye aliyeijengea kaburi. Walipomaliza, mama mkwe wangu alikata majani ya migomba akalifunika, na kila siku ya matanga alimwagia maji juu yake, asubuhi na jioni. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za sakafu yetu. Sementi ndivyo inavyotunzwa kwetu, lakini mimi sikuweza kutazama. Nilikwenda kukaa jikoni na wanawake waliokuwa wakipika.

Niliongea na Mungu wakati huo bila heshima nyingi. Nilikuwa nimemwomba kitu kimoja. Sikuacha kanisa, sikuacha jumuiya, nilikaa kwenye benchi langu, ila ilipofika maombi ya waamini nilifunga mdomo. Nilikuwa kama mtu aliyenuniana na baba yake lakini anaendelea kumpelekea chakula.

Mashine ilifika wakati wa mvua. Muuzaji alimtuma mtaalamu wa kuifunga, mtu wa pwani, mpole, mwenye kofia yake ya kufuma, na siku moja kabla yake alikuwa amefika mama mkwe wangu kutoka Songambele na kifurushi cha akamwani na furushi la majani mabichi. Sikuwa nimemwita. Alisema bibi harusi hafiki kwenye nyumba tupu.

Nilimwambia, "Mama, mwenye nyumba hayupo."

Akasema, "Nalijua hilo kuliko wewe, mwanangu. Fagia."

Nilikwenda kwa padri kumwuliza, sikutaka kufanya jambo la kumkosea Mungu kwa ajili ya chuma. Padri alisema kahawa na majani havijawahi kumchukiza Mungu, na kwamba atakuja na maji ya baraka. Basi lori lilipoingia uani palikuwa na padri, wanawake wa jumuiya, mama mkwe wangu mbele yao, na mashine juu, imefunikwa turubai jeupe lililofungwa kamba. Vigelegele vikapigwa. Mtaalamu akashuka akatuangalia.

"Mama zangu, shikamooni. Hii niliyoleta ni mashine au ni mchumba?"

"Marahaba," mama mkwe wangu akamjibu. "Umemvika shela mwenyewe, halafu unatuuliza sisi?"

Watu walicheka, hata mimi. Padri aliponyanyua kinyunyizio mtaalamu alimsogelea kwa adabu akamwonyesha upande wa vifaa vya umeme, akamwomba, kama inawezekana, baraka zielekee upande wa miguu. Zikaelekea upande wa miguu.

Walipoisukuma mpaka mlangoni, mama mkwe wangu akawasimamisha. Akageuka akaniangalia. Nilielewa anachotaka nikatikisa kichwa. Waipokee wanaume wa ukoo, nikamwambia, kuna shemeji zangu. Akasema shemeji zangu hawajui hata inakula nini.

"Yeye aliichagua akijua nani atasimama hapa," akasema, taratibu, ili wengine wasisikie. "Simama."

Nikasimama mlangoni. Niliweka akamwani kwenye kiganja, nikaziweka juu ya chuma, pale turubai lilipofunguka. Nilitakiwa kusema karibu. Nilijaribu mara ya kwanza halikutoka. Mara ya pili likatoka, dogo, na wanawake wakapiga vigelegele wakanifunika, kwa hiyo waliokuwa nyuma hawakujua nililia. Majani mtaalamu aliomba yaondolewe kabla ya kupima usawa wa sakafu. Alipima pande zote, akapima tena, akauliza nani aliimwaga ikalala sawa namna hiyo.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa dume na jike la chekeche la kahawa, kwa mkulima wa Chonyonyo aliyekuwa amesubiri tangu mume wangu akiwa anasimama. Nilichora mwenyewe, nikafunga chuma mwenyewe, mtaalamu amesimama pembeni mikono nyuma. Waya ukaanza kwenda na kurudi, una sauti kama ya cherehani iliyo chumba cha pili. Cheche zilikuwa za bluu, ndogo, ndani ya maji yenye dawa meupe kama maji ya sabuni. Mama mkwe wangu alileta kigoda akakaa kuitazama kama anavyotazama chungu.

Katikati ya kazi umeme ukakatika. Karakana ikawa kimya, mvua ikasikika juu ya bati. Mtaalamu alianza kunieleza nisiwe na wasiwasi, kwamba hii inakumbuka ilipoishia. Nilikuwa simsikilizi. Kidole changu kilikuwa juu. Sikukinyanyua mimi kwa kukusudia, nilikikuta hapo. Mama mkwe wangu akaniuliza nahesabu nini. Nikasema sihesabu, mama.

Umeme uliporudi nilibonyeza, waya ukatembea, ukashika pale pale ulipoachia. Jioni nilitoa jike, nikalifuta, nikafumba macho nikavuta kucha. Mistari ile ya kanga, myembamba, mmoja baada ya mwingine. Halafu mmoja uliozidi wenzake kidogo sana, kama kovu la mtoto. Hapo ndipo umeme ulipokatika. Mkulima asingeliona, na kahawa yake isingedhurika.

Nikafungua droo yake nikatoa tupa ndogo kuliko zote, nikabana jike kwenye jiliwa, nikasugua taratibu mpaka kucha ikapita bila kukwama. Kisha nikaweka dume ndani ya jike, nikaenda navyo dirishani.